Wanawake Waliokalia Magunia

Enzi zetu Kibirichia, kijiji chetu cha Meru, ilikuwa na baridi ya kweli, si hii ya siku hizi ambayo vijana wanaivalia koti zito kisha wanaipiga picha. Asubuhi za Januari tulikuta barafu nyembamba juu ya majani ya viazi, nyeupe kama unga, na viatu hatukuwa navyo. Tulikuwa na ujanja mmoja tu. Ng'ombe akiinuka pale alipolala, unakimbia kusimama hapo hapo kabla mwenzako hajakuwahi, udongo ule una joto kama kitanda, na unabaki umesimama ukihesabu vidole vya miguu vikirudi kimoja kimoja. Mjukuu wangu nilipomsimulia aliziba pua. Akaniuliza kama hatukuogopa viini. Nikamwambia viini vyenyewe vilikuwa vinaogopa baridi.

Ninyi mliozaliwa karibu na uhuru mnajua ninachosema. Mnajua kiazi kilichochomwa shambani kwenye majivu ya magugu, ukikivunja kinatoa moshi, unakila na ganda na udongo kidogo. Mnajua kuchuma pareto hadi vidole vinanuka dawa wiki nzima. Mnajua kati, mchezo wa kukwepa mpira wa nyuzi za sweta kuukuu, na jinsi aliyepigwa mgongoni alivyoshikilia katakata kwamba hakupigwa. Nyumbani tulisema Kimeru. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya darasani, ndiyo maana hadi leo, pamoja na kukifundisha miaka mingi, nikikasirika ngeli zinanitoroka.

Na leo nimekasirika. Sikuketi kuandika ili niwasimulie viazi. Nimeketi kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi kwenye hema la sherehe, maneno manne tu, nami nataka yawekwe mahali pake.

Nilikuwa na dada, Kagwiria, aliyenizidi miaka minne. Daftari likimwishia aliandika hesabu kwenye mguu wake kwa kijiti. Ngozi ilikuwa imekauka kwa baridi, mafuta ya kujipaka hakuna, basi iliandikika kama ubao. Akimaliza jibu anatema mate, anafuta, anaanza nyingine. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe, utajichuna hadi mfupa," lakini nilimwona mara nyingi akiinama kuangalia zile namba kabla hazijafutwa, yeye ambaye hakujua hata moja.

Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa mwanamke kutoka upande wa Embu, huko chini Mbeere, anaitwa Mwalimu Wawira. Baridi yetu nusura imuue. Alifundisha amevaa sweta mbili na shuka la Kimasai begani, chaki ikitetemeka mkononi. Huyu mama aliona jambo ambalo wazee wetu walikuwa hawataki kuliona, kwamba wasichana wakishatoka shuleni hawashiki kitabu tena mpaka kesho yake; ni maji, kuni, ndugu wadogo, ng'ombe. Hakwenda kubishana na baba za watu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Mzee, naomba binti yako Jumamosi anisaidie kuosha vyombo. Mimi ni mtu wa joto, maji ya hapa yananiua."

Nani angemkatalia mwalimu? Wakaenda wasichana sita, Kagwiria akiwamo. Mwalimu alikuwa na sahani mbili na sufuria moja. Sahani mbili ziliwachukua wasichana sita kuanzia saa tatu hadi saa saba, na hakuna baba hata mmoja aliyejiuliza. Ndani ya chumba kile walikuwa wanasoma. Mimi niliachwa mlangoni nikilinda, nikiona mwanamume anakuja napiga sufuria, na wote wanainuka kushika vitambaa.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Kagwiria alikuwa wa kwanza katika shule yetu, mbele ya wavulana wote. Barua ikaja ya kumwita shule ya wasichana ya bweni, moja ya zile kubwa. Baba aliisoma amesimama, akaisoma ameketi, akaichukua akaenda kuisoma nyuma ya nyumba peke yake. Aliporudi alimkamata jogoo. Baba yangu alikuwa mtu mwema. Nitalirudia hilo kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwadanganya.

Ada hatukuwa nayo. Shamba letu lilikuwa kipande, na kipande kingine Baba alikuwa akilima kwa hisani ya Mzee M'Arimi, mwenyekiti wa kamati ya harambee ya kijiji. Lakini siku zile mtoto akiitwa shule, hakuwa mtoto wa nyumba moja. Kamati iliketi kanisani, na M'Arimi mwenyewe akatangaza kwamba kila boma litoe viazi, lori lije libebe, kitakachopatikana kimpeleke Kagwiria shule. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi, masikio yangu yalikuwa mazima.

Wiki ile sitaisahau. Wanawake walichimba kwa zamu, shamba hadi shamba, wakiimba. Mama mmoja mjane, ambaye viazi vyake vyote vilikuwa vya kula hadi mvua, alileta nusu gunia kichwani, na Mama alipomwambia apunguze alimjibu, "Mama Kagwiria, usinihesabie njaa yangu." Mwingine alileta blanketi alilokuwa analalia. Mwingine alileta sanduku la bati lililokuwa la marehemu mumewe. Magunia yalipangwa mbele ya stoo ya ushirika hadi yakafika dirishani, yamejazwa yakavimba vichwa na kushonwa kwa kamba ya katani. Sisi watoto tulipanda juu yake tukifukuzwa, tukipanda tena. Kagwiria alitakiwa kuripoti Jumanne.

Jumamosi M'Arimi aliita baraza hapo hapo stoo. Alikuwa amevaa kofia yake ya manyoya na koti refu. Wakati huo mwanawe, Kirimi, alikuwa amepata barua pia, ya shule ndogo isiyo na jina, ila ilikuwa imechelewa kufika. M'Arimi alianza kwa maombi. Akasema kamati imeketi tena, wanaume peke yao, na imeonelea kwamba kijiji hakiwezi kusaidia watoto wawili. Basi magunia yatamsomesha Kirimi.

Kisha Mwalimu Wawira akauliza, kwa sauti ya heshima kabisa, "Mzee, na yule aliyetolewa magunia?"

"Mwalimu, wewe si wa hapa," M'Arimi akasema. "Msichana ni mgeni katika boma. Mgeni tunampa uji, hatumpi shamba. Huyu tukimsomesha, ataenda kuwafaa watu wengine, na sisi tutabaki tukitazama njia."

Wanaume kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Baba. Wote tulimtazama. Alikuwa ameivua kofia yake na ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, anaizungusha ukingo polepole. Kipande cha M'Arimi kilikuwa na viazi vyetu vya msimu ule ardhini. Baba alizungusha kofia ile, na hakusema neno.

Nimekwisha kuzika wazazi wote wawili. Nimemlilia Baba kwa machozi ya kweli. Lakini ile kofia bado inazunguka mbele ya macho yangu, na hasira niliyo nayo juu ya mtu mwema aliyenyamaza ni kali kuliko ile niliyo nayo juu ya mbaya aliyesema. Mbaya alisema la kwake. Baba alikuwa na la kwake na hakulisema.

Aliyetembea ni Mama. Hakupiga kelele. Alitoka mahali pa wanawake, akapita mbele ya meza ya wazee, akafika kwenye magunia, akapanda, akaketi juu yake. Akavuta leso yake ikafunika magoti. M'Arimi akamwuliza, "Wewe mama, unafanya nini?"

"Nimechoka, Mzee," Mama akasema. "Nimechimba wiki nzima. Naketi."

Yule mjane akainuka, naye akaketi kando yake. Kisha yule wa blanketi. Kisha Mwalimu Wawira na shuka lake. Wakaendelea kupanda mmoja mmoja, wengine wana watoto mgongoni, hadi magunia hayakuonekana tena, ni leso tu na miguu inaning'inia. Baadhi ya waume waliwaita wake zao kwa majina. Hakuna aliyeshuka.

Walikaa pale Jumamosi ile, wakakaa Jumapili na mchungaji akahubiria viti vitupu, wakakaa Jumatatu. Walipokezana kwenda kukamua na kurudi. Sisi wasichana tulileta uji na viazi vya kuchemsha. Nilikuwa najiona askari. Asubuhi leso zao zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Kagwiria hakutaka kuja. Alibaki nyumbani akikunja nguo zake ndani ya lile sanduku la bati, anazikunjua, anazikunja.

Lori lilikuja Jumatatu. Dereva akatazama, akazima injini, akamwambia M'Arimi, "Mzee, mimi hubeba viazi. Sibebi wamama." Akageuza gari. Wanawake walicheka hadi wakalia. Nasema tena, msidhani ilikuwa huzuni tupu. Mimi sijaona tena watu wenye baridi na njaa wakicheka namna ile.

Jumanne ndiyo siku ya kuripoti. Siku hiyo chifu msaidizi aliitwa, akaketi na wazee tangu asubuhi mpaka jua likapinduka, na wakatoka na kile walichokiita haki. Magunia yagawanywe nusu kwa nusu. Nusu kwa mtoto aliyetolewa magunia hayo, nusu kwa mtoto ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na ekari asizozijua mipaka. Mama alitaka kukataa. Mwalimu akamwambia, "Tuchukue, Mama Kagwiria. Siku inaisha."

Jumatano wakaondoka, Mama, Mwalimu na Kagwiria, sanduku kichwani. Wakafika shuleni saa nane mchana. Waliambiwa na mtu wa ofisini kwamba nafasi ya Kagwiria ilisubiriwa hadi jana saa kumi na asubuhi hii imepewa mtoto mwingine, ambaye mzazi wake alikuwa amesimama getini. Mwalimu alisihi. Mama alipiga magoti kwenye kokoto. Kagwiria alimshika Mama mkono akamwinua, akamwambia kwa Kimeru, "Inuka. Usiwapigie magoti hawa." Alikuwa na miaka kumi na minne.

Waliporudi, M'Arimi alikutana nao njiani. Akasema, "Basi, Mungu ameamua." Nilikuwepo hapo pia. Mama alimpita kama mtu anavyopita kisiki.

Ijumaa ya wiki ile Mwalimu Wawira aliomba ruhusa ya siku mbili, akamchukua Kagwiria, akashuka naye hadi kwao, Kiritiri. Kulikuwa na shule ya sekondari ya harambee iliyoanzishwa na watu wa huko, madarasa mawili ya udongo, mabati upande mmoja na nyasi upande wa pili. Nusu yetu ya magunia ililipa muhula mmoja tu; Kagwiria akaingizwa kidato cha kwanza na akapewa kitanda kwa mama mzazi wa Mwalimu, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa, aitwaye Ciarunji.

Likizo ya Agosti mimi na Mama tulikwenda kumwona, na debe la viazi. Sikuwa nimewahi kuona nchi kama ile. Udongo mwekundu, jua limekaa begani, mbuzi wanakula vitu ambavyo kwetu ni vijiti. Punda walileta maji kutoka mbali, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikajiambia hawa ni maskini kweli. Tukamkuta dada yangu amekuwa mweusi kwa jua, amekonda, anacheka. Alikuwa na viatu. Viatu alipewa na mama muuza makaa. Ndengu na kunde zililetwa na kina mama wa jumuiya yao ya kanisa, kila mmoja kibaba kimoja baada ya mavuno, na mavuno yenyewe mwaka ule yalikuwa kiduchu. Mzee mmoja mchunga mbuzi alitoa beberu auzwe kwa vitabu, na hakuwahi hata kumwuliza jina.

Mama alishindwa kula. Akamwuliza Ciarunji, "Mama, mnampaje mtoto wa watu vitu ambavyo hamna?"

Ciarunji akaendelea kupepeta kunde zake. "Sisi mvua ikikosa, tunalala njaa wote," akasema. "Akiongezeka mtoto mmoja, njaa haijui."

Nimeyawaza maneno hayo miaka yangu yote. Kwetu, palipokuwa na mvua mara mbili, na mto, na viazi vya kutupa, tulipima mtoto kwa mizani ya ukoo. Kule palipokuwa na vumbi hawakupima. Msiniambie watu hukosa kutoa kwa sababu ya umaskini. Nimewaona maskini, nimekula kwao.

Tuliporudi, Mwalimu Wawira hakuwepo tena. Alikuwa amehamishwa mbali sana, kaskazini, ikasemekana barua ilikuwa imekwenda juu kwamba anachochea wanawake. Sikumwona tena nikiwa mtoto. Nao wale wanawake, wengine walipigwa na waume zao kwa siku zile tatu. Mmoja alikuja kuchota maji na jicho limefumba, akatuambia alikanyaga jembe. Kirimi, masikini, alienda shule yake, akakaa miaka miwili, akatoroka akaenda Kangeta kuuza miraa. Sina ugomvi naye. Hakuomba magunia.

Zamu yangu ikafika. Nilipita darasa la saba vizuri, si kama dada, lakini niliitwa. Nilimpa Baba barua. Aliisoma mara moja, akaikunja. "Tungoje mwaka huu, Kinya," akasema. Hakukuwa na Mwalimu wa kuniombea nikamwoshee vyombo. Wanawake walikuwa wamefunzwa adabu. Nililima viazi miaka mitatu, na nilijifunza namna hamu ya kusoma inavyouma: haiumi kama jeraha, inauma kama jino, unaisahau mchana, na ukinyamaza tu inaanza.

Kagwiria alipotoka chuo cha ualimu na kupangiwa kazi, alipangiwa Kiritiri, kwa ombi lake mwenyewe. Mwezi ule ule ikaja barua kwa mkono wa kondakta wa basi. Ilikuwa na sentensi moja kwa Baba: "Nimtumie Kinya nauli lini?" Baba akaniambia nifunge nguo. Nikaingia kidato cha kwanza nikiwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko mwalimu wa hesabu, watoto wakiniita shangazi. Nilikaa dawati la nyuma nisizibe ubao. Jioni dada yangu alinikalisha na wasichana wengine wanne wa kijiji kile kwenye chumba chake cha kupanga, taa moja, na alitufundisha mpaka macho yakawa mazito. Alifanya hivyo kila mwaka aliofundisha. Wakienda wanne, anatafuta wengine. Hakuita kazi ile jina lolote.

Na hivyo ndivyo unabii wa M'Arimi ulivyotimia. Alisema huyu ataenda kuwafaa watu wengine. Amewafaa. Wauguzi wa Mbeere, walimu wa Mbeere, yule binti anayepima udongo na kuwafundisha wakulima wa huko kupanda mtama, wote wamepita chumba kile. Alijenga kule, aliolewa kule, na wakati Mama anakata roho akimwita, Kagwiria alikuwa njiani akipandisha mlima. Alifika tumekwisha kumfunika. Mkifukuza mtoto, msishangae akikaa mbali.

Sasa juzi. Kijiji chetu kinajenga bweni la wasichana, jambo jema, sikatai. Wakataka mgeni wa heshima aliyezaliwa hapa. Wakanituma mimi nimwombe. Kagwiria ni mzee sasa, amestaafu, anatembea kwa fimbo. Nilidhani atakataa. Alisema tu, "Nitakuja. Nataka kuona wasichana."

Mngeona sherehe! Hema nyeupe, viti vimevalishwa mashuka na mikanda kama maharusi, muziki wa kuziba masikio, fulana za rangi moja zenye maandishi ya Kiingereza. Vijana watatu walikuwa na kazi ya kupiga picha peke yake. Walikuja mabinti wa mjini kuwashauri wasichana wetu. Mmoja alisema nao kuhusu ndoto kwa dakika kumi na tano, kwa Kiingereza, akiangalia saa, kisha wakapanga wasichana mstari wakawagawia pedi pakiti moja moja mbele ya wavulana na kamera. Msichana mmoja alificha uso kwa pakiti ile ile. Akaambiwa atabasamu. Huyo mshauri alipopewa kiazi cha kuchemsha na ganda lake aliuliza anakimenya kwa kitu gani. Nikamwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

Kisha mshereheshaji, kijana mwenye suti ya buluu, akamkaribisha dada yangu. Akanyoosha mkono kama anayefungua pazia. "Mpigieni makofi," akasema, "binti yetu tuliyemsomesha sisi!"

Ndiyo hayo maneno manne. Watu wakapiga makofi. Wazee wa rika langu, ambao walikuwepo, wakapiga makofi.

Sikukusudia kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile isiyohitaji mashine, "Uongo!" Muziki ukakatwa. Nikawaambia. Niliwasimulia magunia, na kofia ya baba yangu, na saa nane ya Jumatano. Niliwataja kwa majina wanawake waliopigwa. Nilisema, "Huyu alisomeshwa na watu wa Kiritiri, kwa kunde. Sisi tulimsimamisha njiani mpaka akachelewa. Kama mnataka kumwita wenu, anzeni kwa kumwomba radhi." Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimechukia kwamba nalia. Mwana wa mwenyekiti wa sasa alinishika kiwiko akininong'oneza, "Shangazi, tulia, tuko hewani." Nikamwuliza hewani wapi. Kumbe kuna mtu alikuwa anarusha sherehe kwenye simu.

Kagwiria akachukua kipaza sauti. Hakunitazama. Akasema, "Dada yangu amesema kweli. Mimi nimekuja kwa sababu ya hawa." Akaonyesha wasichana kwa fimbo. "Bweni ni zuri. Lakini bweni halimjui mtoto. Nani hapa atamchukua mmoja, kwa jina lake, amjue kwao, amfuate mpaka amalize? Sitaki mnyooshe mikono. Baada ya maombi, njooni hapa mbele."

Maombi yakaisha. Wakati ule ule wapishi wakafunua masufuria, harufu ya pilau ikaja, na hema likamwagika upande wa chakula. Waliokuja mbele walikuwa kina mama wachache wa soko, dereva mmoja wa bodaboda, na yule mshauri wa mjini aliyeshindwa na kiazi. Ndiyo, yeye. Alikuja ameshika viatu vyake mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili kilichokatika katika, "Mwalimu, mimi sijui kufanya hii kitu vizuri. Naanza wapi?" Nilimwambia aanze kwa kuuliza jina. Nilijisikia vibaya kwa mambo niliyomcheka moyoni, lakini sijayafuta, maana ni kweli pia.

Wenzangu wa rika langu, watu wananiambia nisamehe, ni ya kale. Sisemi enzi zetu zilikuwa njema. Zilikuwa na M'Arimi, na zilikuwa na wanaume wanaozungusha kofia. Lakini siku zile aliyekukatalia alikukatalia kwa kinywa chake mbele ya watu, nawe ukajua uelekee wapi. Leo wote wanakubali. Wanakubali kwa makofi, kwa fulana, kwa vidole gumba kwenye simu, na mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada wiki ya tatu hakuna anayejua hata kwao ni wapi. Siku zile mtu alitoa blanketi alilolalia. Sasa tunatoa kilichobaki, na tunataka risiti na picha. Natamani wale wanawake. Natamani harufu yao ya moshi na udongo, na kicheko chao. Nilipotazama kwenye viti vile vilivyovalishwa mashuka, nikitafuta hata mmoja wa kukaa kama wao, nilijiona mimi, na magoti yangu haya.

Mtoto niliyemchukua anaitwa Mukami. Anakaa ng'ambo ya mto na nyanya yake, hapendi kusema, anapenda hesabu. Nimeshafika kwao mara mbili. Mara ya pili alinionyesha daftari bila kuombwa. Ataingia sekondari Januari. Mjukuu wangu anasema nimekuwa mkali mno siku hizi, niende kupimwa presha. Nimekwenda, iko juu. Daktari akaniuliza kama kuna jambo linalonisumbua. Nikamwambia lipo, na kwamba nitakuja kupimwa tena Januari, siku Mukami atakapokuwa ameingia lango la shule na jina lake limeandikwa.